Kiti cha Meneja

Fundi wa makochi kufuga paka ni sawa na mwenye duka la unga kufuga panya. Maneno hayo si yangu. Ni ya mama wa saluni ya jirani, na kila akiyasema hucheka mpaka anashika ukuta. Baba Mkubwa humwacha acheke. Akiwa kazini huwa amebana misumari midogo midomoni, minne mitano kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata akitaka kujibu hawezi. Anatoa mmoja, anaugongelea kwenye mbao, anatoa mwingine. Misumari ikimwishia ndipo anageuka kujibu, na wakati huo aliyemchokoza ameshafika kwake na ameshawasha mashine ya kukausha nywele.

Ninakaa kwa Baba Mkubwa tangu nilipoingia sekondari, kwa sababu shule yangu iko mtaa wa pili na kwetu ni mbali. Ni kaka yake baba. Nyumba yake ina vyumba vitatu na sebule, ila sebule yenyewe si sebule, ni karakana. Utakuta kochi limevuliwa nguo zote, limesimamishwa ukutani na mbavu zake za mbao ziko nje. Springi zimelala ndani ya ndoo. Marobota ya sponji yamepanda mpaka darini. Na kuna lile vumbi la pamba kuukuu ambalo ukipiga chafya linapaa, ukipiga ya pili linakushukia kichwani. Mwanzoni nilikuwa naenda shule na manyoya ya mito kwenye sketi, wenzangu wakaniita Mto. Jina limenasa mpaka leo, hata mwalimu wa hesabu analitumia akisahau.

Paka mwenyewe anaitwa Meneja. Alipewa jina hilo na Dada, binti pekee wa Baba Mkubwa, kwa sababu tangu akiwa mdogo alikuwa akipanda juu ya kitu kirefu kuliko vyote humu ndani na kuwatazama wanaofanya kazi, yeye mwenyewe hafanyi lolote. Wateja wa zamani wakiingia huuliza kwanza, "Meneja yupo?"

"Yuko kwenye kikao," Baba Mkubwa hujibu. Maana yake amelala.

Dada alimleta ndani ya begi la shule akiwa darasa la saba. Sasa Dada ni mtu mzima, juzijuzi alininong'oneza kwenye simu kwamba ameng'oa unywele mweupe. Kwa hiyo hesabu mwenyewe Meneja ana umri gani. Mama Mkubwa alikuwa ameshafariki wakati huo, na nyumba ilikuwa na watu wawili, baba na mwana, na makochi ya watu. Baba Mkubwa alimwambia paka hawezi kukaa hapa, atachana kazi za wateja. Dada hakubisha. Alichofanya ni kuchagua kiti kimoja, kochi la mtu mmoja la mahameli ya kahawia lililoachwa na mteja aliyehama, na kila Meneja alipoinua kucha kwenye kochi la mtu, alimbeba taratibu, akaenda naye kwenye kile kiti, akakaa, akampakata. Alifanya hivyo kila mara, bila kumpigia kelele. Mpaka paka akaelewa kwamba duniani kuna kiti kimoja tu cha kuchana, na ndicho hichohicho cha kupakatiwa.

Dada alisomea kwenye kile kiti mpaka akamaliza shule, Meneja mapajani na kitabu juu ya Meneja. Alisomea hapohapo kozi ya kuhudumia wagonjwa. Halafu akaondoka, mimi nikiwa bado natafuna penseli darasa la tatu, akaenda kufanya kazi mbali sana, nchi ya baridi, kwenye nyumba wanamotunzwa wazee. Anawalisha kwa kijiko. Anawachana nywele, anawakata kucha, anawageuza kitandani wasipate vidonda. Tangu aende hajarudi.

Kila Jumapili mchana anapiga simu ya picha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Meneja je?"

Hapo Baba Mkubwa, ambaye huwa ameibana simu sikioni, huigeuza haraka, akamwonyesha Meneja, na simu hubaki hivyo mpaka maongezi yanaisha. Dada humwona paka akijilamba, paka akilala, paka akipiga miayo. Kwa Baba Mkubwa husikia sauti tu, na mara mojamoja kidole gumba.

Mimi ni mtu wa kuuliza, ndivyo nilivyo. Siku moja nikamuuliza, "Baba Mkubwa, kwa nini hujionyeshi na wewe?"

"Mimi ana haja gani ya kuniona? Ananijua."

"Na Meneja hamjui?"

Alikuwa anakata sponji kwa kisu kirefu. Akaacha. "Sikiliza, Mto. Akipiga simu anaanza na nani?"

"Na Meneja."

"Basi. Huyu ndiye aliyebaki wa kwake humu. Nguo zake aligawa. Vitabu mmechukua nyinyi. Siku Meneja akifa, ataanza na nini? Na akisema aje, atakuja kuona nini?"

"Atakuja kukuona wewe."

Aliniangalia kama vile nimesema kitu cha kitoto, akarudi kwenye sponji yake.

Ndipo nikaelewa kwa nini mtu mzima, tena fundi mwenye kazi zinazomsubiri, anaamka na jambo la kwanza ni kuchovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu na kumfuta paka tongotongo. Maana Meneja alikuwa amezeeka kwelikweli. Macho yaliingia ukungu, kwanza moja, halafu la pili, hadi yakawa kama vifungo vya shanga. Mgongo ulikonda ukawa unahesabika mifupa. Kucha zilikuwa hazirudi tena ndani, zikawa zinanasa kwenye vitambaa, na tulikuwa tukimkuta ananing'inia kwenye kona ya kochi la mtu, analalamika kwa sauti ya chini, kama abiria aliyebanwa na mlango. Baba Mkubwa alikuwa anazikata ncha kila wiki kwa koleo dogo la kukatia pini, ulimi ukiwa umemtoka pembeni kwa umakini. Samaki alimchemshia, akamtoa miiba kwa vidole, akamponda na supu yake mpaka akawa uji, kwa kuwa meno nayo yalikuwa yamebaki ya kuhesabu. Kila chumba kiliwekwa bakuli la maji. Na kwenye karakana alipitisha sheria: kando ya ukuta wa kushoto, kuanzia mlango wa jikoni hadi kwenye kile kiti, kisiwekwe kitu chochote. Tuliiita Barabara ya Meneja. Mteja akiweka stuli pale, Baba Mkubwa aliirukia kuiondoa kama vile imewekwa juu ya mtoto.

Mara moja nilijifunga leso machoni nijue Meneja anajisikiaje. Nilitaka kutoka jikoni mpaka kwenye kiti. Nikagonga goti, nikapotea, nikaangusha ndoo ya springi, zikatapakaa sakafu nzima zikirukaruka.

"Meneja hajawahi kuangusha ndoo," Baba Mkubwa akasema, wala hakuinua kichwa.

Sasa kile kiti. Miaka yote hiyo ya kuchanwa kilikuwa kimebaki aibu tupu. Mikono yake ilikuwa nyuzi zinazoning'inia, kiti chenyewe kimedidimia katikati, rangi huijui. Wateja walikuwa wanakiangalia, wanamwangalia fundi, wanakiangalia tena. Mmoja, mwalimu mstaafu, alimuuliza wazi, "Fundi, hicho nacho ni chako au umepewa ukitupe?" Hayo yote Baba Mkubwa aliyavumilia. Kilichomshinda ni siku springi moja ilipotoboa kitambaa ikamchoma Meneja ubavuni. Haikuwa jeraha kubwa, lakini alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Basi," Baba Mkubwa akasema. "Nitamtengenezea kiti kama cha waziri."

Na alikitengeneza. Nilikuwa kwenye mitihani, kila nikirudi nakuta kiti kimepiga hatua. Alikata miguu ili kiwe kifupi, mzee apande bila kuruka. Alitoa springi zote, akaweka sponji tabaka mbili, ngumu chini na laini juu. Alipiga mbao msasa mpaka zikawa nyeupe. Kitambaa alikitafuta maduka matano, akirudi na vipande anavilinganisha dirishani, mpaka akapata mahameli ya kahawia ileile, kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Na vya zamani vyote, nyuzi, pamba, magunia, vumbi, alivikusanya akavitoa nje, vikaondoka na mkokoteni wa taka. Ndiyo kawaida yake. Mafundi wengine huvika kitambaa kipya juu ya kile cha zamani, kazi inakwenda haraka na mteja hajui. Baba Mkubwa hawezi. Husema hiyo ni sawa na kumvisha suti mtu ambaye hajaoga. Kwake, kochi huvuliwa mpaka mfupa ndipo huanza upya.

Alipomaliza alinawa mikono, akavaa shati safi kabisa, akamchukua Meneja jikoni akamweka mwanzo wa barabara yake. Mimi na mama wa saluni tulisimama mlangoni kama watu waliokuja kwenye uzinduzi.

Meneja alikuja na ukuta, masharubu yakigusa, hatua kwa hatua. Akafika. Akanusa mguu wa kiti. Akanusa mkono wa kiti. Akarudi nyuma, akazunguka, akanusa tena, halafu akaendelea mbele kana kwamba pale hapana kitu, akatafuta mpaka akagota ukutani. Akageuka. Akapita tena. Akasimama katikati ya karakana na kuanza kulia. Haukuwa mlio wa njaa wala wa maumivu. Ulikuwa wa kuita.

"Hajazoea tu," mama wa saluni akasema. Hata yeye hakuwa anacheka.

Baba Mkubwa alimbeba akamweka juu ya kiti. Meneja akashuka. Akamweka tena, akashuka tena, na kuendelea kutafuta. Jioni hakula. Asubuhi hakula. Uji wa samaki ulikauka bakulini ukafanya utando.

Baba Mkubwa alimfuata mtu wa mkokoteni kuulizia kile kitambaa cha zamani. Alirudi mikono mitupu, viatu vimejaa majivu ya taka, sikuwa na haja ya kumuuliza.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, msichana mchangamfu aliyetuambia wagonjwa wake wengi wana kilo mia nne na pembe. Lakini Meneja alimshika kwa mikono laini. Akamwangalia ufizi, akambonyeza tumbo, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Figo zimechoka, huo ni uzee. Ila hajafika mwisho wake. Shida ni kutokula. Paka akikaa bila kula, ini linaharibika upesi, na hapo mimi sitakuwa na dawa." Akatazama huku na huku. "Kuna kitu mmekibadilisha humu ndani?"

Wote wawili tukatazama kiti.

"Ahaa," akasema. "Kizuri kweli. Lakini huyu haoni, fundi. Nyumba anaisoma kwa pua. Umemfutia ukurasa wake." Hakusema kwa kumlaumu. Akatupatia bomba la sindano lisilo na sindano, akatuonyesha jinsi ya kumwekea uji pembeni mwa mdomo kidogokidogo, akasema huo ni msaada wa muda tu, haumtoshi. "Ale mwenyewe. Mtafutieni sababu ya kula."

Ikafika Jumapili. Simu ilipoita, Baba Mkubwa alikohoa mara mbili kabla ya kupokea. Akaielekeza kwenye mgongo wa Meneja, aliyekuwa amejikunja kwenye kona tupu pale sakafuni.

"Amelala," akasema.

"Mbona amelala chini, Baba? Kiti je?"

"Joto. Anatafuta ubaridi." Na hapakuwa na joto hata kidogo, mimi nilikuwa nimevaa sweta. Halafu akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Eti, kuna mwenzenu yeyote anayekuja huku karibuni?"

"Yupo, anasafiri keshokutwa. Unataka nini nikutumie?"

"Mpe nguo yako moja. Uliyoivaa. Usiifue."

Dada akasogeza uso kwenye kamera.

"Baba, nguo chafu?"

"Ndiyo."

"Ya nini?"

"Wewe mpe tu, mwanangu."

Nilicheka, nikashindwa kujizuia, na Baba Mkubwa akanikata jicho kali mpaka nikajifanya natafuta kitu chini ya meza.

Siku zile za kusubiri tulimlisha Meneja kwa bomba. Baba Mkubwa anamfunga taulo mwili mzima kichwa kikabaki nje, mimi nasukuma uji. Nusu unaingia, nusu unamwagika kwenye mikono yetu. Kila baada ya kumlisha, Baba Mkubwa alimfuta kidevu na kumwambia vilevile, "Vumilia. Inakuja." Alikuwa anaongea na paka, lakini sikuwa na hakika ni paka peke yake anayeambiwa avumilie.

Mgeni alifika akiwa na kifurushi kimefungwa vizuri kwa karatasi. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. Baba Mkubwa alimpa kiti kizuri kuliko vyote vya wateja, akampa maji, akauliza habari za safari, lakini macho hayakutoka kwenye kile kifurushi.

"Binti yako anakusalimu sana," mgeni akasema. "Amesema nikwambie usiwe na wasiwasi. Uliposema nguo chafu alidhani unamtania. Ameifua mara mbili, maana aliivaa kazini."

"Mara mbili," Baba Mkubwa akasema.

"Na pasi ameipiga mwenyewe."

"Ahsante sana," Baba Mkubwa akasema. "Ahsante sana, mama."

Mgeni alipoondoka tukafungua. Sweta la kijani, limekunjwa mikono ikiwa nyuma, kama la dukani. Baba Mkubwa aliliinua akaingiza uso ndani. Akanusa kola. Akanusa mikono yote miwili mpaka mwisho.

"Kwapani?" nikauliza.

"Sabuni."

"Tumboni?"

"Sabuni ya maua." Akaketi juu ya robota la sponji, sweta magotini. "Nilimfundisha mwenyewe. Nilikuwa nasimama naye pale kwenye beseni. Kitu cha kumpa mtu mzima kifuliwe, kipigwe pasi. Nilimwambia hivyo mpaka akashika." Akaliweka sweta mbele ya Meneja. Meneja akanusa, akapiga chafya, akaondoka zake.

Basi Baba Mkubwa akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya. Akampigia Dada yeye mwenyewe, tena katikati ya wiki. Simu aliisimamisha kwenye meza ya kukatia, ameiegemeza kwenye kopo la gundi, kamera ikitazama kile kiti. Dada alipokea akiwa na sare ya kazi, macho yamemtoka.

"Baba! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Meneja?"

"Hajafa. Lakini hali chakula, na ni mimi niliyemfanya hivyo." Akamweleza yote. Springi, kiti, mkokoteni, majivu. Akamweleza na ile Jumapili, kwamba hapakuwa na joto. Aliongea akiangalia mikono yake. Alipofika kwenye sweta akajikaza kisabuni, akamaliza.

Dada aliziba mdomo kwa kiganja. Mabega yalikuwa yanatikisika na mimi sikujua analia au anacheka. Nadhani vyote viwili.

"Yaani wewe umekisafisha," akasema, "na mimi nikaifua."

"Mara mbili," Baba Mkubwa akasema.

Kisha Dada akapangusa macho, na nikaona uso wake ukibadilika, ukawa uso wa kazini. "Baba, hapa kila wiki wanatuletea mzee aliyetolewa kwake. Chumba kizuri, kitanda kizuri, hataki kula. Mwanzoni nilikuwa nahangaika na chumba, nahamisha picha, nahamisha pazia. Haisaidii. Mtu anakaa naye, basi. Anakaa tu karibu, mpaka mzee ajue pale pana mtu." Akasita. "Kile kiti nani anakikalia?"

"Hakuna. Ni chako."

"Miaka yote hujawahi kukikalia?"

"Nikikalie nina nini, na wewe ulikiacha kikusubiri?"

"Kikalie, Baba. Sasa hivi. Na nguo zako hizohizo za kazi. Wala usioge."

"Nisioge?"

"Usioge kabisa."

Baba Mkubwa ni mtu mrefu, na kiti alikuwa amekikata miguu. Alipokaa magoti yalimfika kifuani, akawa kama babu aliyealikwa shule ya chekechea. Nilimletea Meneja. Akashuka. Nikamrudisha, akashuka tena, lakini safari hii hakwenda mbali. Alisimama pembeni ya kiatu cha Baba Mkubwa. Akanusa kamba ya kiatu, akapanda na suruali, polepole, gundi, vumbi la mbao, mafuta ya cherehani, jasho la mtu aliyefanya kazi chumba kilekile tangu paka huyu yuko kwenye begi la shule. Sijui kati ya hayo alichagua lipi. Alipanda mwenyewe, goti kwanza, halafu paja. Akaanza kukanyagakanyaga kwa zile kucha zake butu, akizungukazunguka, na Baba Mkubwa hakupumua, nakuhakikishia, mpaka mkia ulipojikunja na paka akalala.

Alininyooshea mkono. Nikakimbia jikoni nikarudi na samaki. Aliweka kidogo kiganjani, akakisogeza. Ulimi wa Meneja ukatoka. Ukagusa. Ukarudi tena.

"Baba," Dada akaita kwenye simu. Tulikuwa tumemsahau.

"Shh. Anakula."

"Baba, nywele zako."

"Zimefanya nini?"

"Zimekuwa nyeupe zote." Sauti yake ilikuwa ndogo. Simu ilikuwa imesimama palepale mezani, na kwa sababu paka alikuwa mapajani, humo ndani ya picha walikuwamo wote wawili. "Zimeanza lini?"

"Kidogokidogo."

"Na umekonda. Mbona hukuniambia?"

"Sasa mtu anatangaza nywele?" Alijaribu kucheka bila kumshtua Meneja, ikatoka hewa tu.

"Kila nikisema nataka kuja unaniambia nisijisumbue. Kazi kwanza, tuko sawa, Meneja mzima. Mimi nikadhani hunihitaji huko."

Baba Mkubwa alikuwa anamtazama paka anavyolamba kiganja ambacho hakikuwa na kitu tena. Nilitaka kumsaidia, nimsemee, maana mimi maneno huwa hayanishindi. Nikauma ulimi.

"Njoo," akasema.

"Baba?"

"Njoo, mwanangu. Huyu hana muda mrefu, usije ukachelewa. Na asipokungoja huyu, mimi nipo. Njoo unione mimi."

Dada ameomba likizo. Hajajibiwa bado. Anasema nyumba yao ya wazee ina upungufu wa watu na kuna orodha ya wanaosubiri likizo, lakini amewaambia sababu ni mzazi, hakuwaambia ni paka. Anapiga simu karibu kila siku sasa, na haombi kuonyeshwa mtu, kwa kuwa wanaonekana wote.

Meneja anakula, kijiko asubuhi na kijiko jioni, ila kwenye mapaja ya Baba Mkubwa tu. Mimi nilijaribu kukaa pale akanipita kama robota. Kwa hiyo Baba Mkubwa amehamishia kazi kwenye kiti: kushona mito kwa mkono, kuvika vifungo, chochote kinachofanyika magoti yakiwa kifuani. Kazi za kusimama zinachelewa, wateja wananung'unika. Mama wa saluni hupitisha kichwa mlangoni na kuuliza kwa sauti ya chini, "Amesemaje? Amepata?" Tukitikisa kichwa, anaondoka bila utani. Meneja anazidi kuwa mwepesi. Baba Mkubwa anasema siku nyingine humpapasa ili ajue kama yupo.

Jana alasiri mlango uligongwa. Baba Mkubwa aliiacha sindano hewani. Meneja, ambaye macho yake hayajui mchana wala jioni, alisimamisha sikio moja. Nikafungua.

Alikuwa mteja, kijana fulani amekumbatia stuli iliyong'oka mguu.

"Karibu, karibu ndani," Baba Mkubwa akamwambia kwa uchangamfu wake wote, akanyoosha mkono kuupokea ule mguu, akauliza umeng'okaje. Lakini alikuwa bado anatazama mlangoni, ule uwazi nyuma ya bega la kijana, mpaka nilipoufunga.